Ombi la Penseli la Clarence Gideon

Karatasi hizi za mistari ni za gereza la Florida. Juu yake zimechapwa kanuni za barua za wafungwa. Chini ya kanuni hizo, mwaka 1962, mfungwa Clarence Earl Gideon aliiandikia Mahakama ya Juu ya Marekani kwa penseli.

Alikuwa ameshtakiwa kwa kuvunja ukumbi wa mchezo wa pool mjini Panama City. Hakuwa na fedha za wakili. Alipoomba apewe, jaji alimjibu kuwa sheria ya jimbo iliwapa wakili wanaokabiliwa na adhabu ya kifo tu. Akajitetea mwenyewe, akafungwa miaka 5.

Haki ya kuwa na wakili imo katika Marekebisho ya Sita ya Katiba tangu 1791. Inasikitisha kwamba kwa maskini wengi ilibaki maandishi matupu hadi 18 Machi 1963, majaji wote 9 wa Mahakama ya Juu, wakijibu ombi la Gideon, walipoamua kuwa majimbo nayo lazima yaitimize.

Agosti mwaka huohuo Gideon alishtakiwa upya, safari hii akiwa na wakili, Fred Turner, aliyembana shahidi mkuu kwa maswali. Juri ikamwachia huru.