Namba Moja kwa Saa Moja

Mwaka 1895 jarida la The Bookman la New York, likihaririwa na Harry Thurston Peck, lilianza kuwauliza wauza vitabu wa miji ya Marekani ni vitabu gani vilivyotoka sana madukani mwao. Majibu yao yakawa orodha ya kwanza nchini humo ya vitabu vinavyoongoza kwa mauzo. Gazeti la The New York Times likaanza orodha yake mwaka 1931.

Orodha hizo hazikuwa hesabu tupu hata kidogo. William Peter Blatty, mtunzi wa The Exorcist, alilishtaki The New York Times mwaka 1983 kwa kuiacha nje riwaya yake Legion. Gazeti lilijitetea kwamba orodha ni kazi ya wahariri, nayo inalindwa na uhuru wa maoni. Mwaka 1986 Mahakama ya Juu ya California ilimkatalia Blatty.

Duka la Amazon lilipofunguliwa mtandaoni mwaka 1995, mambo yakageuka. Mauzo yakaja kupangwa upya kila saa, tena ndani ya makundi madogo madogo yanayohesabika kwa maelfu. Novemba 2007 likatoa Kindle, kifaa cha kusomea vitabu vya kielektroniki, na kuruhusu mtunzi yeyote apandishe kitabu chake mwenyewe. Kabla ya hapo, mara nyingi aliyejichapishia alimlipa mpiga chapa kwanza, kisha akabaki na maboksi nyumbani akitafuta wa kumuuzia.

Amanda Hocking wa Austin, Minnesota, alikuwa amekataliwa na wachapishaji mara nyingi. Aprili 2010 alipandisha riwaya zake mtandaoni akitafuta dola 300 tu, gharama za safari ya kwenda Chicago kutazama maonyesho ya vikaragosi vya Jim Henson. Haukupita mwaka, nakala zaidi ya milioni moja zikawa zimeuzwa, na Machi 2011 St. Martin's Press wakamlipa dola milioni 2 kwa vitabu vinne. Hiyo ilikuwa sifa ya haki: wasomaji walilipa, wakamaliza kitabu, wakarudi kununua kingine.

Lakini mlango huohuo uliwapitisha wengine. John Locke, aliyejichapishia na kufikisha nakala milioni moja za Kindle mwaka 2011, alikiri mwaka uliofuata kwamba alinunua maoni 300 kuhusu vitabu vyake. Mwaka 2016 Brent Underwood, mtaalamu wa kutangaza vitabu, alipiga picha mguu wake, akaiuza kama kitabu, na nakala tatu zikatosha kumpa utepe wa namba moja wa Amazon katika kundi dogo la vitabu. Alifanya hivyo makusudi, ili kuonyesha jinsi cheo hicho kinavyouzwa kwa waandishi kwa fedha nyingi. Alifanya vyema. Wanaoumia ni waandishi wanyofu, wanaotozwa kwa ajili ya utukufu wa saa moja.

Mtunzi Andy Weir hakufuata njia hiyo ya kununua sifa. Aliandika riwaya yake The Martian sura kwa sura katika tovuti yake, bure, huku wasomaji wakimsahihisha makosa ya kisayansi. Walipomwomba nakala ya Kindle, aliiweka kwa senti 99, bei ya chini kabisa iliyoruhusiwa. Katika miezi mitatu nakala 35,000 zilinunuliwa, ingawa hadithi ileile ilikuwa ikisomwa bure.