Hirizi au Tefilini?

Katika Biblia ya Kiswahili ya Union Version, Mathayo 23:5, Yesu anawalaumu waandishi na Mafarisayo kwa kupanua hirizi zao. Wafasiri walifuata neno la Kigiriki lenye maana ya kinga, na hirizi, tuliyoipata kwa Waarabu, asili yake pia ni kinga. Mgiriki katendewa haki, Myahudi bado.

Yeye husema tefilini, neno la Kiebrania lenye udugu na tefila, yaani sala. Ni vijisanduku viwili vyeusi vya ngozi vyenye kamba. Ndani yake mna vifungu vinne vya Torati vilivyoandikwa kwa mkono: viwili vya Kutoka 13, na vya Kumbukumbu la Torati 6 na 11. Kwa umbo, vinafanana na hirizi ya pwani yetu, maandishi matakatifu yaliyoshonewa ngozini.

Lakini hirizi huaminiwa kumlinda mvaaji usiku na mchana. Tefilini ni za sala ya asubuhi, siku za kazi. Sabato ikiingia, hazivaliwi. Nani avue kinga yake siku iliyo takatifu kuliko zote za juma? Wanazuoni wa Kiyahudi hueleza kwamba Sabato yenyewe ni ishara ya agano, basi ishara nyingine ya nini? Kumbe tefilini ni ukumbusho: Mungu ni mmoja, naye ndiye aliyewatoa Waisraeli utumwani Misri.

Kijisanduku kimoja hukaa mkono wa kushoto, kikielekea moyo. Kingine juu ya paji la uso, nywele zinapoanzia. Hivyo mkono, moyo na akili huingia katika utumishi mmoja.

Hata kitenzi kuvaa hakitoshi. Torati yenyewe inaagiza kufunga. Kamba huzungushwa mara saba kwenye kigasha, kisha mara tatu kwenye kidole cha kati, huku wengi wakitamka maneno ya kitabu cha Hosea ambamo Mungu anawaposa watu wake. Hapa Kiswahili kina hazina: sisi hufunga ndoa, na mwenye saumu hufunga. Kote humo mtu hujifunga kwa hiari yake, kwa ajili ya anayempenda au anayemcha.

Wafasiri wenzangu, tuandike tefilini, na tuseme zinafungwa. Hirizi tuiachie kazi yake ya kukinga.