Waliofunguliwa Minyororo

Hapa kwetu Burungu mtu akivunjika mguu, majirani humbeba kwa kipoyi mpaka nyumba ya dawa. Lakini akivunjika moyo, je? Akikesha usiku akisikia bunduki zilizokwisha kunyamaza, akikataa chakula, akisema peke yake njiani, wengine husema amerogwa, wengine humcheka, na pengine jamaa zake humfunga kamba.

Jambo hili si geni duniani. Sikilizeni habari za mji wa Gent, katika Ubelgiji. Mwaka 1807 padri Petrus Jozef Triest alianzisha huko shirika la watawa waume, waitwao Ndugu wa Mapendo. Mjini palikuwa na jumba la kale la mawe, na chini yake, gizani, waume wenye wazimu walifungwa minyororo. Mwaka 1815 Triest na Ndugu zake walishika kazi ya kuwatunza watu hao, wakawafungua. Mwaka 1828 daktari Joseph Guislain akawa mganga wao mkuu. Yeye alifundisha kwamba ugonjwa huu mara nyingi huanza kwa uchungu wa roho. Kwa hiyo aliagiza upole, utulivu na kazi za mikono, wala si fimbo.

Ndugu wale walifika Kongo mwaka 1911. Mwaka 1972 walifungua hospitali ya Ndera, nchini Rwanda. Mwaka 1994 ikaanza kazi ya Sosame, huko Bukavu. Na Goma pia wakaweka nyumba ya namna hiyo, ikaitwa Tulizo Letu.

Je, mwenye kutunza mgonjwa wa moyo hufanyaje? Huketi naye. Humwuliza polepole, hamkatizi maneno, hamhukumu, wala hatoi siri yake nje. Anayehitaji dawa hupewa dawa. Lakini kwanza husikilizwa.

Mimi mwenyewe nilikosa katika jambo hili. Vita viliingia Masisi mwaka 1993, vikitoka Ntoto ya Walikale, na tangu hapo watu wetu wamekimbia mara nyingi. Baada ya mkimbio mmoja, mama mjane alinijia. Sikumwacha amalize maneno yake. Nilimwambia, "Mama, acha kulia, sali tu." Akanyamaza, akaenda zake. Juma pili tatu sikumwona. Ndipo nilipomfuata kwake, nikaketi jikoni, na safari hii nikanyamaza mimi. Alisema hata moto ukazimika. Mwisho akaniambia, "Mwalimu, leo labda nitalala."

Basi, ndugu zangu, mkimwona jirani wa namna hii, msimfunge, msimcheke. Ketini naye. Ugonjwa ukizidi nguvu zenu, msindikizeni kwa waganga wanaoijua kazi hii. Na kusali, tusali pamoja naye, tukiisha kumsikia.