Maana Halisi si Usomaji Sisisi

Wakristo wakibishana kuhusu Biblia, hujigawa upesi: hawa wanaisoma "kama ilivyoandikwa", wale wanatafuta falsafa iliyofichika. Mgawanyo huo umebeba kosa la istilahi, na Kiswahili kinatosha kulirekebisha.

Njia ya falsafa ilikomaa Aleksandria, Misri. Katika karne ya 1, Philo, Myahudi aliyeijua vyema falsafa ya Plato, aliisoma Torati kiistiara. Istiara si sitiari: sitiari ni tamathali moja, istiara ni habari nzima inayobeba maana ya pili. Origen, Mkristo wa mji huohuo, akaifuata njia hiyo katika karne ya 3. Aliuliza ni mwenye akili gani atakayesadiki kwamba siku tatu za kwanza za uumbaji zilikuwa na jioni na asubuhi pasipo jua, mwezi wala nyota. Kwake, andiko linapokwaza, Mungu anamwita msomaji achimbe zaidi. Walimu wa Antiokia, akiwamo Theodore wa Mopsuestia, walimpinga: kila habari ikifanywa istiara, historia ya wokovu inabaki na nini? Naona pingamizi lao lilikuwa zito, maana istiara isiyo na mipaka humruhusu mhubiri kusema chochote.

Katika karne ya 13, Thomas Aquinas alifafanua kile Walatini walichokiita sensus litteralis: ni maana anayoikusudia mwandishi, na hoja za teolojia zisimame juu yake. Biblia inapotaja mkono wa Mungu, alisema, maana hiyo si kiungo cha mwili, ni uwezo wa Mungu wa kutenda. Tamathali, basi, imo ndani ya sensus litteralis. Mswahili analijua jambo hili bila kufundishwa. Ukimwambia jirani yako ana mkono wa birika, hataukagua mkono wake. Atajua umemwita bahili, na ubahili ndiyo maana halisi ya kauli yako.

Kwa hiyo napendekeza sensus litteralis iitwe "maana halisi". Neno "sisisi", tunalolijua katika "tafsiri sisisi", libaki kwa usomaji wa neno kwa neno usiojali tamathali wala utanzu. Tukiita yote mawili kwa jina moja, tunawaonea wengi. Hata Tamko la Chicago la mwaka 1978, lililotolewa na Wakristo wa kiinjili wanaotetea kwamba Biblia haina kosa, linataka aina za uandishi zizingatiwe. Hao si wasomaji sisisi, ingawa huitwa hivyo.

Walimu wa vyuo vya teolojia na waongozaji wa mafunzo ya Biblia, tengeni istilahi hizi mbili kabla mjadala haujaanza. Mkristo akisema anashika maana halisi, mwulizeni kwanza mwandishi alikusudia nini: historia, shairi, au mfano.