Kiasi Kwenye Meza ya Wafaransa

Novemba 2010, kamati ya UNESCO iliyokutana Nairobi iliuingiza mlo wa sherehe wa Wafaransa katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika. Kilichopewa heshima hiyo hakikuwa pishi fulani wala mpishi fulani, bali desturi. Watu huketi pamoja, kikaletwa kianzio, kisha samaki au nyama na mboga zake, halafu jibini, mwisho kitindamlo. Kila chakula kina zamu yake, na kila zamu ina kiasi chake.

Desturi hiyo imewapa Wafaransa sifa inayowashangaza wengi: siagi, jibini na mkate mweupe haviwapiti, lakini unene haukuenea kwao kama ulivyoenea Marekani. Mwaka 2004 Mireille Guiliano, Mfaransa aliyeongoza biashara ya shampeni nchini Marekani, alitoa kitabu kuhusu jambo hilo, nacho kikauzwa sana. Alisimulia jinsi alivyonenepa akiwa mwanafunzi Massachusetts, na jinsi daktari wa familia alivyomrudisha kwenye mazoea ya kwao: ale anachokipenda, ila kidogo, na akila atulie. Kichwa cha kitabu kiliwataja wanawake, lakini desturi yenyewe si ya wanawake tu: ina mizizi mirefu, na miongoni mwa walioijenga wamo mahakimu na watunga sheria.

Mmoja wao ni Jean Anthelme Brillat-Savarin, hakimu mzaliwa wa Belley. Kitabu chake kuhusu ladha kilitoka Desemba 1825, miezi miwili tu kabla hajafariki. Alikipenda chakula kwelikweli, na alikiri kwamba kitambi chake mwenyewe kilimpa kazi ya kupambana nacho. Hata hivyo alimtenga waziwazi mtu anayejua kuonja na mlafi anayejishindilia. Kuhusu unene aliandika kwa kirefu, akalaumu unga, wanga, usingizi mwingi na kutojishughulisha.

Katika karne hiyohiyo meza yenyewe ilibadilika. Zamani, kwenye karamu za wakubwa, sahani nyingi zilitandazwa kwa mpigo. Taratibu ukaenea mtindo uliohusishwa na Warusi, wa kuleta chakula kimoja baada ya kingine. Mlaji akalazimika kusubiri na kuzungumza, na tumbo likapata nafasi ya kusema limeshiba.

Mtoto wa Kifaransa hujifunza kiasi nyumbani, na pia kwenye bwalo la shule. Divai, ambayo hata watoto wadogo waliweza kuinywa bwaloni, ilipigwa marufuku mwaka 1956 kwa walio chini ya miaka 14. Mashine za kuuzia soda na vitafunio ziliondolewa shuleni Septemba 2005. Kanuni za 2011 zikaagiza mlo wa sehemu nne au tano: kwa mfano karoti zilizokunwa, samaki na viazi, kipande cha jibini, kisha tunda. Maji na mkate mtoto hujichukulia apendavyo. Chumvi, mayonezi na kechapu haviachwi mezani. Hutolewa kulingana na chakula cha siku hiyo.

Kwa watu wazima, sheria ya kazi kwa miaka mingi imekataza kulia chakula mahali pa kufanyia kazi, ingawa ililegezwa kwa muda wakati wa korona. Lengo lake la awali lilikuwa usafi na usalama, lakini imeulinda pia muda wa mlo.

Matokeo ya desturi hii ya kiasi yamepimwa. Mwaka 2003 mwanasaikolojia Paul Rozin na wenzake walichapisha utafiti uliolinganisha migahawa ya Paris na Philadelphia. Wastani wa chakula alichopewa mteja Paris ulikuwa gramu 277. Philadelphia, gramu 346. Ndani ya McDonald's, wateja wa Paris walitumia dakika 22 hivi kula, wa Philadelphia 14. Wafaransa walipewa kidogo zaidi, wakakaa nacho muda mrefu zaidi.

Hata hivyo desturi hii haijilindi yenyewe. Uchunguzi wa kitaifa ulikuta asilimia 8.5 ya watu wazima wa Ufaransa wakiwa na unene uliokithiri mwaka 1997. Kufikia 2020 walikuwa asilimia 17. Serikali nayo imekuwa ikitunga kanuni zaidi. Kodi ya vinywaji vyenye sukari ilianza 2012, na tangu Januari 2017 migahawa hairuhusiwi kumwachia mteja ajijazie soda bila kikomo kwa bei moja.