Mkaguzi, Mpimaji na Mthamini wa Vyombo vya Majini

Kwenye gati za Dar es Salaam, Mombasa na Mwanza, neno linalosikika ni "savei". Chombo kimeenda savei, savei imekwisha, bima wanataka savei. Neno limezoeleka hata watu hawaulizi tena ni savei ya nini, na hasara huanzia hapo. Mwenye boti humlipa mtaalamu, hupewa karatasi yenye muhuri, kisha huambiwa na kampuni ya bima kwamba karatasi hiyo siyo. Au mamlaka humwambia alete nyingine kabisa.

Nchi kavu jambo hili lilikwisha kupangwa. Anayepima viwanja ni mpima ardhi. Anayekadiria gharama za jengo ni mkadiriaji majenzi. Anayesema nyumba ina thamani gani ni mthamini. Waingereza huwaita wote watatu kwa jina moja la kazi, "surveyor", na kuwatofautisha kwa vivumishi; Kiswahili kimempa kila mmoja jina lake. Majini nako maneno tunayo: ukaguzi, upimaji, tathmini na uchunguzi. Kila neno lina swali lake, na maandalizi ya mwenye chombo hutegemea swali analokwenda kuulizwa.

Ukaguzi huuliza: je, chombo hiki kinafaa kusafiri? Huu ndio unaodaiwa na sheria. Tanzania Bara unasimamiwa na Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania, TASAC, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 2017. Zanzibar unasimamiwa na Mamlaka ya Usafiri Baharini, na Kenya na mamlaka yake ya usafiri wa majini, KMA. Kwa meli kubwa zinazosafiri kati ya nchi na nchi, Shirika la Bahari Duniani, IMO, lina ratiba moja ya ukaguzi iliyoanza kutumika Februari 3, 2000.

Ratiba hiyo ina hatua, na kila hatua inastahili jina lake. Ukaguzi wa awali hufanywa kabla meli haijaanza kazi, na hugusa kila kitu kuanzia mkuku hadi mlingoti. Ukaguzi wa kila mwaka huthibitisha kwamba hali haijabadilika. Ukaguzi wa kati, unaofanywa karibu na mwaka wa pili au wa tatu wa cheti, huingia ndani zaidi. Ukaguzi wa kuhuisha hufunga mzunguko, ambao kwa meli ya mizigo hauzidi miaka 5. Ukaguzi wa nyongeza hufuata ajali au matengenezo makubwa. Meli ya abiria imebanwa zaidi: cheti chake cha usalama hudumu miezi 12 tu, na sehemu yake ya chini lazima ikaguliwe chelezoni, nje ya maji, angalau mara mbili katika kila miaka 5.

Cheti cha ukaguzi hufungamana na maji ambayo chombo kitapita. MV Skagit iliundwa Marekani mwaka 1989 kuvusha abiria katika Puget Sound, jimbo la Washington, maji yaliyokingwa na nchi kavu pande nyingi. Julai 18, 2012, kusi ikiwa imepamba moto, ilizama karibu na kisiwa cha Chumbe ikitoka Dar es Salaam kwenda Unguja. Maji yale na haya ni tofauti kabisa. Kwa hiyo mnunuzi wa chombo kilichotumika nje, anapopewa cheti, atafute kwanza mstari unaotaja eneo la safari, kisha ndiyo atazame muhuri.

Maandalizi ya ukaguzi wa kisheria si ya siku moja. Shehena ishushwe, mbao za sakafu ziinuliwe, na ngama ikaushwe, maana mkaguzi hawezi kuona taruma lililolala ndani ya maji machafu. Jaketi okozi zitolewe mifukoni na kuhesabiwa mbele yake; zilingane na watu, za watoto ziwepo, mikanda na filimbi zake ziwe nzima. Mitungi ya kuzimia moto iwe ndani ya muda wake. Fataki za kuomba msaada zisomwe tarehe ya mwisho wa matumizi. Pampu ya kutolea maji iwashwe, taa za safari ziwashwe, redio ijaribiwe. Pembeni liwekwe jalada lenye cheti cha usajili, ripoti ya ukaguzi uliopita, na ushahidi kwamba kila kasoro iliyoandikwa humo imerekebishwa. Mkaguzi huanza na kasoro za mwaka jana.

Upimaji ni kazi nyingine. Swali lake: chombo kina ukubwa gani, na kibebe kiasi gani? Humo ndimo inamotoka hesabu ya tani, na tani hizi huwapotosha wengi. Tani ya usajili ya zamani haikuwa uzito, bali ujazo wa futi za ujazo 100, yaani karibu mita za ujazo 2.83. Mkataba wa kimataifa wa mwaka 1969 ulibadilisha kanuni ya kukokotoa, lakini bado kinachopimwa ni nafasi. Chombo kilichosajiliwa kuwa na tani 50 hakijaruhusiwa kwa hesabu hiyo kupakia tani 50 za saruji.

Kikomo cha kupakia kina alama yake, mstari wa shehena unaochorwa ubavuni. Samuel Plimsoll, mbunge wa Uingereza, aliupigania mpaka sheria ya mwaka 1876 ikaulazimisha kwa meli za nchi hiyo, baada ya mabaharia wengi kuzama na meli zilizoshindiliwa mizigo. Kwa kivuko, kikomo hicho huandikwa pia kama idadi ya abiria. MV Nyerere ilipimwa kwa abiria 101. Septemba 20, 2018 ilipinduka ikikaribia gati ya Ukara, katika Ziwa Victoria. Watu 228 walikufa na 41 waliokolewa. Ndani yake mlikuwa na zaidi ya mara mbili ya idadi iliyoruhusiwa. Upimaji ulikuwa umekwisha kusema neno lake, na halikufuatwa.

Uko ukaguzi usiodaiwa na sheria yoyote, nao ni ukaguzi wa kabla ya kununua. Mteja wake ni mnunuzi, na ni yeye anayepaswa kumtafuta mkaguzi na kumlipa. Mtaalamu aliyeletwa na muuzaji hawezi kutumikia pande mbili. Kwa jahazi la mbao kazi hufanyika maji ya bamvua yakishakupwa, chombo kimeegemezwa kwenye boriti. Mkaguzi huanza na mkuku, kisha hugonga mbao moja baada ya nyingine kwa nyundo ndogo, kutoka omo hadi tezi. Ubao mzima hulia kavu. Ubao ulioliwa na minyoo ya baharini hutoa sauti iliyokufa, ingawa juu pana vitundu visivyozidi ncha ya sindano. Kwenye maungio hupitisha kisu chembamba: kalafati nzima humzuia, iliyooza hutoka nyeusi na kuchuruzika. Halafu huomba ruhusa ya kung'oa misumari michache. Kichwa cha msumari huweza kuwa kizima na kiuno chake, pale ubao unapokutana na taruma, kimeliwa na kutu hadi kubaki kama uzi.

Ndiyo maana muuzaji mwaminifu hapaki deheni wala rangi mpya siku chache kabla ya ukaguzi. Anayepaka humziba mkaguzi macho, na mkaguzi makini ataandika hivyo hivyo kwenye ripoti.

Boti ya faiba ina maradhi yake. Maji yakipenya chini ya rangi ya nje hufanya malengelenge, na unyevu hujificha kwenye sakafu na kwenye kuta za injini. Mkaguzi hutumia kipimo cha unyevu, lakini boti iliyotoka majini asubuhi itasoma unyevu hata ikiwa nzima. Iachwe juu ikauke kwanza, siku kadhaa ikiwezekana. Zinki zinazokinga vyuma zitazamwe zimeliwa kiasi gani. Mwisho ni safari ya majaribio: injini iendeshwe kwa nguvu zote, joto lisomwe, moshi utazamwe. Moshi wa buluu maana yake injini inachoma oili, na bei lazima izungumzwe upya.

Tathmini huuliza fedha. Neno lenyewe limetoka Kiarabu, shina moja na "thamani", kwa hiyo bei imo ndani yake. Kampuni ya bima huitaka ili ijue inakinga kitu cha kiasi gani, na benki huitaka kabla ya kukopesha. Mthamini hutaka kuona hali ya chombo, lakini pia hutaka risiti: injini ilinunuliwa lini, tanga lilibadilishwa lini, fundi alilipwa nini. Mwenye chombo asiyetunza risiti hupunguza mwenyewe thamani ya mali yake.

Uchunguzi huja baada ya ajali na huuliza: nini kimeharibika, na kwa nini? Hapa maandalizi ni kuzuia hasara isiendelee bila kufuta ushahidi. Maji yachotwe, chombo kifungwe mahali salama, lakini shikio lililovunjika au bomba lililopasuka visitupwe. Picha zipigwe kabla ya fundi kugusa chochote, na bima ijulishwe kabla ya matengenezo kuanza. Madai mengi hudhoofika kwa sababu kipande kilichovunjika kilishapelekwa kwa muuza vyuma chakavu.

Vyeti vya Kiswahili, matangazo ya zabuni na barua za bima havina sababu ya kuandika "savei" tupu wakati maneno sahihi yapo na yanaeleweka. Mwenye chombo naye, kabla ya kumpigia mtaalamu simu, aandike sentensi moja: nahitaji ukaguzi wa kila mwaka, au ukaguzi wa kabla ya kununua, au upimaji wa tani, au tathmini ya bima, au uchunguzi wa uharibifu. Kisha aulize karatasi atakayopewa itakubaliwa na nani, na ajibiwe kwa maandishi kabla ya kulipa.