Bluetooth na Ufundi wa Simu Kandokando ya Msitu wa Kakamega

Isecheno ni kituo cha misitu upande wa kusini wa Msitu wa Kakamega, katika nchi ya Waisukha, na karibu kila kilichoandikwa kuhusu mahali hapa kinahusu msitu wenyewe. Tunajua kwamba dhahabu ilivuta wachimbaji Kakamega kuanzia 1931, kwamba msitu ulitangazwa rasmi 1933, na kwamba kima wa Isecheno wamefuatiliwa na watafiti tangu 1979. Historia ya mafundi wanaohudumia watu wa kandokando ya msitu huo haijapewa nafasi. Masoko yanayowahudumia watu wa Isecheno, kama Shinyalu na Khayega, yana vibanda vya kutengeneza simu, na vibanda hivyo vina historia yenye mafunzo mengi kuhusu teknolojia ilivyoingia mashambani. Nataka kuifuata historia hiyo kupitia hitilafu moja tu: simu iliyobadilishwa programu ikarudi kwa mwenyewe ikiwa inapiga, inapokea, inaonyesha picha, lakini Bluetooth haifunguki. Lawama kwa kawaida humwangukia fundi. Ninavyoona mimi, hitilafu hiyo chanzo chake kiko mbali na kibanda, na namna mafundi walivyojifunza kuishughulikia ndiyo iliyougeuza ubahatishaji kuwa kazi yenye nidhamu.

Kabla ya simu kulikuwa na fundi wa redio. Alikuwa na chuma cha kulehemu, bisibisi, na rundo la redio zilizokufa alizozichuna vipuri. Ugonjwa wa redio ulionekana kwa macho au ulisikika kwa sikio: waya umekatika, kapasita imevimba, spika imechanika. Fundi aliufuata umeme kutoka kwenye betri mpaka kwenye spika, na pale ulipoishia ndipo palipokuwa na kazi. Simu za mkono zilipoenea baada ya 2000, mafundi waliohamia kwenye kazi hiyo waliibeba mbinu hiyohiyo, na kwa simu za kwanza iliwatosha. Kioo, kipaza sauti, tundu la chaji, vyote vilikuwa vitu vya kushikika. Bluetooth ndiyo iliyowafikisha mahali ambapo chuma cha kulehemu hakikuwa na la kusema.

Teknolojia yenyewe ilianza katika kampuni ya Ericsson, Uswidi, mwaka 1994, na mwaka 1998 Ericsson iliungana na Nokia, IBM, Intel na Toshiba kuifanya kiwango cha pamoja. Waliiwazia zaidi kama njia ya kuondoa waya baina ya simu, kompyuta na kipokea sauti cha sikioni. Kenya iliipa kazi nyingine. Wakati bando la intaneti lilikuwa ghali na simu nyingi hazikufungua hata ukurasa mmoja bila kukwama, Bluetooth ilikuwa njia ya bure ya kupitisha nyimbo, picha na video fupi kutoka simu moja hadi nyingine, watu wawili wakikaa ndani ya mita kumi. Kwa Waisukha jambo hili lina uzito wake. Isukuti, ngoma yao na ndugu zao Waidakho, iliingizwa na UNESCO mwaka 2014 katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka. Ngoma inayochezwa kwenye arusi na mazishi hairekodiwi studio kila mara; ikirekodiwa na simu ya mtu aliyekuwepo, husambaa kadiri simu zinavyoweza kupokezana. Simu iliyopoteza Bluetooth ilikuwa imetengwa na wenzake, na ndiyo maana mteja alirudi kulalamika upesi.

Kubadilisha programu ya simu nako kulikuja kwa hatua. Mafundi wa Nokia walikuwa na visanduku vya kuflashi kama UFS na JAF, vilivyounganishwa na kompyuta kwa nyaya za kila aina. Juni 2009 serikali ya Kenya iliondoa kodi ya VAT kwenye simu, na soko likapokea kwa wingi simu za bei nafuu kutoka China, nyingi zikitumia chipu za MediaTek: laini mbili, spika kubwa, na Bluetooth hata kwenye simu ndogo. Mwaka 2011 Huawei IDEOS iliingia sokoni Kenya kwa takriban shilingi 8,000 na kuufanya mfumo wa Android uwe wa watu wa kawaida. Simu hiyo ilikuwa na nafasi finyu ya kuhifadhia vitu, na wenye subira waliiwekea CyanogenMod, mfumo uliotengenezwa na wajitoleaji nje ya kiwanda. Kwa fundi, kuflashi kulikuwa tiba ya mambo mengi: simu inayokwama kwenye nembo, simu yenye virusi, simu iliyosahauliwa nywila. Tatizo la Bluetooth lilianzia hapo.

Hebu tuitazame simu yenyewe mezani. Mteja anasema Bluetooth haiwaki. Fundi anagusa kitufe. Kinasogea, kinakaa sekunde chache kikiwa cha kijivu, kisha kinarudi chenyewe. Asiyejua anafikia bisibisi. Anayejua anafungua kwanza Wi-Fi, halafu redio ya FM. Katika simu nyingi za MediaTek za miaka ile, Bluetooth, Wi-Fi, FM na GPS ziliwekwa kwenye chipu moja ya mawasiliano. Zote zikiwa zimekufa, mashaka yanaelekea kwenye chipu, ulehemu wake, au faili inayoiamsha. Wi-Fi na FM zikiwa hai huku Bluetooth pekee imelala, chuma hakina kosa. Programu mpya haielewani na chipu. Kisha fundi anapiga *#06# kuangalia namba ya IMEI, na kuangalia orodha ya mitandao ya Wi-Fi. IMEI ikitoweka, na kwenye Wi-Fi likatokea onyo la NVRAM, jibu limepatikana: aliyeflashi alichagua kufuta kila kitu, akafuta na ile sehemu ndogo ya kumbukumbu, NVRAM, ambamo kiwanda kilihifadhi vitambulisho vya simu hiyo moja, ikiwamo anwani ya Bluetooth yenye tarakimu na herufi 12. Faili ya programu unaweza kuipakua. Sehemu ile ilikuwa ya simu ile peke yake, na kama hakuna aliyeinakili, imekwenda.

Hasara hiyo ndiyo iliyozaa desturi ninayoiona kuwa kiini cha ufundi huu leo: kunakili kabla ya kugusa. Fundi makini huisoma NVRAM na kuihifadhi kwenye kompyuta, huandika namba ya modeli pamoja na toleo la ubao, kwa sababu simu mbili zenye jina moja mgongoni zinaweza kuwa na chipu tofauti ndani, kisha huflashi sehemu zinazohitajika tu. Ni vigumu kuiona desturi hii kama ujanja wa vichochoroni. Fundi wa redio hakuwa na haja nayo, kwani kuchomoa spika hakukufuta jina la redio.

Wapo watakaosema kwamba kosa ni la fundi vilevile, kwani asingeflashi pasingeharibika kitu. Hoja hii ingesimama kama viwanda vingeacha njia nyingine. Kiini cha Android, Linux, kiko wazi kwa wote, lakini programu zinazoongoza chipu ya mawasiliano hutolewa zikiwa zimefungwa, bila maelezo. Novemba 2012, katika Android 4.2, Google iliondoa mfumo wa Bluetooth uliokuwa ukitumika, BlueZ, na kuweka mwingine ulioundwa pamoja na Broadcom. Waliojaribu kuzipa simu za zamani mfumo mpya walijikuta na programu za chipu zilizoandikwa kwa ajili ya mfumo ulioondolewa, na hakuna mtengenezaji aliyekuwa na sababu ya kuwaandikia nyingine kwa simu aliyokwisha kuiuza. Ilichukua mpaka Android 8, mwaka 2017, kwa Google kutenganisha sehemu ya mtengenezaji na mfumo wenyewe. Waandishi stadi wa CyanogenMod, wenye kompyuta nzuri, walitoa matoleo yenye onyo kwamba Bluetooth bado. Si haki kumdai fundi wa Shinyalu kile ambacho wao hawakukiweza.

Pingamizi zito zaidi ni la wizi. Vifaa vinavyorudisha IMEI iliyopotea ndivyo vinavyobadilisha IMEI ya simu iliyoibwa. Marekebisho ya sheria ya mawasiliano ya Kenya mwaka 2009 yalifanya kuibadilisha kuwa kosa kwa yeyote asiye mtengenezaji au wakala wake, na mwisho wa Septemba 2012 zaidi ya simu milioni moja zilizohesabiwa kuwa bandia zilizimwa kwenye mitandao. Siupuuzi wasiwasi huo. Mtu aliyenyang'anywa simu gizani ana haki ya kutaka isiuzike tena. Lakini fundi anayeandika upya namba ileile iliyochapishwa chini ya betri, mbele ya mwenye simu, anatenda kinyume cha mwizi: anairudishia simu utambulisho wake wa kweli. Kuwaweka wote wawili mahali pamoja kumewafanya mafundi waaminifu wafanye kazi hii kwa kificho, bila risiti wala kumbukumbu, na kificho kinamfaa mwizi zaidi.

Wengine watasema Bluetooth imepitwa, kwa kuwa nyimbo sasa hutumwa kwa WhatsApp. Kutumiana faili kwa Bluetooth kumepungua, ni kweli, lakini teknolojia yenyewe imerudi kwenye kazi iliyobuniwa kwayo. Spika ya kinyozi, spika ya bodaboda, kipokea sauti cha mwanafunzi, kifaa cha masikio cha mzee, vyote vinaitegemea. Umoja wa Ulaya, kwa kanuni zilizoanza kutumika 20 Juni 2025, unawalazimisha wauzaji wa simu kuwapa mafundi vipuri kwa miaka 7 baada ya modeli kuacha kuuzwa, na masasisho ya mfumo kwa miaka isiyopungua 5. Simu nyingi zinazofika Shinyalu hazikuwahi kuuzwa Ulaya, kwa hiyo kanuni hizo hazizigusi. Kinachohitajika Kenya si kigumu: anayeingiza modeli nchini aweke hadharani faili yake ya kiwanda, pamoja na programu ya chipu ya mawasiliano, kwa muda wote ambao simu hizo zingali mikononi mwa watu, na fundi aliyesajiliwa aruhusiwe kuandika upya kitambulisho halali cha simu huku akiweka kumbukumbu ya kazi hiyo. Uwezo wa kuzitumia faili hizo tayari upo vibandani.